Maji mengi huua vifaranga kabla hawajatoka kwenye yai

KATIKA maduka ya vifaa vya umeme yaliyo jirani na Mnazi Mmoja na Kariakoo, mashine ndogo za kutotoleshea mayai hupangwa siku hizi pamoja na pasi, feni na majiko ya umeme. Nyingi hutoka China, zina kifuniko cha plastiki angavu, taa ndogo na kioo kinachoonyesha namba mbili: joto na unyevu. Mnunuzi huibeba mkononi, huipandisha ghorofani katika nyumba za Mchafukoge au huipakia kwenye daladala ya Mbagala, na siku hiyo hiyo huwa ameshaweka mayai ndani.

Wiki tatu baadaye ndipo maswali huanza. Mayai 48 yaliwekwa, yalipomulikwa kwa tochi siku ya saba 40 yalionekana yana uhai, lakini siku ya 21 wametoka vifaranga 15 tu. Mayai mengine 25 yamekaa kimya. Yakivunjwa hukutwa kifaranga aliyekamilika, mwenye manyoya, mdomo na kucha, amekufa siku moja au mbili kabla ya kutoka.

Lawama za kwanza huenda kwa jogoo, za pili kwa umeme, za tatu kwa muuza mashine. Zote zinaweza kuwa na ukweli. Lakini katika jiji la pwani kama Dar es Salaam kuna mshukiwa mwingine ambaye wengi hawamfikirii, kwa kuwa kijitabu cha maelekezo ndicho kilichomwingiza ndani: maji. Mfugaji aliambiwa ajaze maji, akajaza. Aliambiwa yasikauke, akahakikisha hayakauki. Kumbe kwa muda wote huo kifaranga alikuwa akinyimwa nafasi ya kuvuta pumzi yake ya kwanza.

Yai linatakiwa kukauka

Ganda la yai la kuku huonekana gumu na lililozibwa, lakini lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho. Kupitia vitundu hivyo hewa safi huingia, hewa chafu hutoka, na mvuke wa maji hutoka pia. Tangu siku ya kwanza chini ya kuku au ndani ya mashine, yai hupoteza maji kidogo kidogo, na uzito wake hushuka kila siku. Huko si kuharibika. Ndivyo yai lilivyoumbwa.

Mahali palipoachwa na maji hayo hujazwa na hewa. Hewa hiyo hukusanyika kwenye ncha butu ya yai, katika nafasi ambayo kila aliyemenya yai la kuchemsha ameiona. Yai likiwa limetagwa leo nafasi hiyo ni ndogo kama sarafu. Kufikia siku ya 18 inatakiwa iwe imechukua karibu theluthi ya yai. Kati ya siku ya 19 na 20 kifaranga hutoboa utando wa ndani kwa mdomo na kuanza kuvuta hewa kwa mapafu kutoka katika nafasi hiyo, saa kadhaa kabla ya kuanza kudonoa ganda lenyewe.

Hapo ndipo unyevu unapoamua uhai na kifo. Ikiwa mashine ilijaa mvuke kwa siku zote 18, yai halikukauka vya kutosha. Nafasi ya hewa ni finyu, kifaranga amevimba kwa maji na hana pa kugeuka, na ute uliobaki humziba pua mara anapotoboa utando. Hufa akiwa amekamilika. Ikiwa mashine ilikuwa kavu mno, hutokea kinyume chake: kifaranga huwa mdogo na dhaifu, na utando hukauka kama karatasi na kumbana asiweze kujizungusha ili akate ganda.

Kipimo kinachokubalika na wataalamu wa utotoleshaji ni kwamba yai la kuku lipoteze takriban asilimia 12 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Kati ya 11 na 14 bado ni salama. Ili kufikia hapo, vitabu vingi hushauri joto la nyuzi 37.5 za sentigredi kwa mashine yenye feni, na unyevu wa asilimia 45 hadi 55 kwa siku 18 za mwanzo, kisha asilimia 65 hadi 75 kwa siku tatu za mwisho. Mashine isiyo na feni huhitaji joto la juu kidogo, nyuzi 38.3 hadi 38.8, likipimwa usawa wa mgongo wa mayai, kwa kuwa hewa yake hujipanga matabaka.

Namba hizo ni sahihi. Tatizo ni namna ya kuzifikia, na hapo Dar es Salaam haifanani na mji ulioandikiwa kijitabu.

Hewa ya pwani huja na maji yake

Hewa ikipashwa joto, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 28 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 27 za mvuke. Ikifika nyuzi 37.5, inaweza kubeba gramu 45 hivi. Asilimia inayoonyeshwa na kipimo si wingi wa maji yaliyomo, bali ni sehemu ya uwezo huo iliyokwisha kujazwa.

Chukua siku ya kawaida ya masika, nje kuna nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80. Hewa hiyo inapoingia katika mashine na kupashwa hadi nyuzi 37.5, bila hata tone moja la maji kuongezwa, kipimo kitasoma karibu asilimia 47. Maana yake ni kwamba mfugaji wa Mchafukoge anayefungua dirisha lake mwezi Aprili ameshapata unyevu unaotakiwa kwa siku 18 za mwanzo, bure, kutoka Bahari ya Hindi. Akijaza mfereji mmoja wa maji kama kijitabu kinavyosema, huruka hadi asilimia 60 na zaidi. Akijaza yote miwili kwa kuhofia kukauka, mayai yake yatakuwa kama yamewekwa juu ya sufuria inayochemka.

Julai mambo hubadilika. Kipupwe kikiingia, hewa ya nyuzi 24 yenye unyevu wa asilimia 75 ikipashwa ndani ya mashine husoma asilimia 35 hivi, na hapo maji kidogo yanahitajika. Mfugaji aliyefaulu Aprili kwa mashine kavu anaweza kushindwa Julai kwa mashine hiyo hiyo na desturi ile ile, akadhani amerogwa.

Na ghorofani kuna jambo la tatu, ambalo kwa wakazi wa katikati ya jiji ni kubwa kuliko misimu: kiyoyozi. Kiyoyozi hakipoozi chumba tu, hukausha hewa pia; yale maji yanayodondoka kutoka kwenye bomba lake hadi vichwani mwa wapita njia yalikuwa unyevu wa chumba. Hewa ya nyuzi 24 yenye unyevu wa asilimia 50, ambayo ni ya kawaida katika chumba chenye kiyoyozi, ikiingia katika mashine hushuka hadi asilimia 23. Kwa hiyo nyumba mbili zinazotazamana katika mtaa mmoja, moja yenye kiyoyozi na nyingine yenye madirisha wazi, zinahitaji maelekezo tofauti kabisa. Mbaya zaidi ni chumba ambacho kiyoyozi huwashwa usiku na kuzimwa mchana. Ni heri mashine ihamishiwe ukumbini au stoo, mahali ambapo hali haibadiliki, mbali na jua la dirishani na mbali na jiko.

Wako pia wanaonunua mashine Kariakoo na kuipeleka kwa jamaa mikoani. Mbeya, mji ulio mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ya kiangazi ya nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 50 ikipashwa husoma takriban asilimia 16. Huko mifereji yote miwili hujazwa na bado haitoshi. Isitoshe, katika miinuko mvuke hutoka kwenye ganda kwa kasi zaidi kuliko pwani. Ushauri wa shangazi wa Kigamboni haumfai mpwa wake wa Mbeya, wala wa mpwa haumfai shangazi.

Namba ya kwenye kioo

Kabla ya kuamini kipimo cha mashine, kipimwe chenyewe. Vipimaunyevu vya bei nafuu hukosea kwa asilimia tano, kumi, na wakati mwingine zaidi, na kosa la asilimia kumi latosha kuharibu kundi zima. Kwa bahati nzuri kila jiko lina kitu cha kukipimia: chumvi. Chumvi ya kawaida iliyoloweshwa hadi ikawa kama uji mzito, bila kuyeyuka yote, hufanya hewa iliyofungiwa pamoja nayo iwe na unyevu wa asilimia 75. Weka uji huo kwenye kifuniko cha chupa ya soda, kitie pamoja na kipimaunyevu kidogo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa au chombo chenye mfuniko, bila chumvi kugusa kipimo, kisha acha usiku kucha. Asubuhi kikisoma 75, ni kizima. Kikisoma 68, kila kisomapo ongeza saba. Kipimo kilichokwisha kuhakikiwa hivyo huwekwa ndani ya mashine, kando ya mayai, na namba yake ndiyo ya kufuatwa, si ile ya kwenye kioo.

Wazee wa ufundi huu hutumia njia nyingine, ambayo haihitaji betri. Ni vipimajoto viwili: kimoja kikavu, kingine kimevishwa utambi wa pamba kwenye ncha, na mwisho wa utambi umezama kwenye kikombe cha maji. Kadiri hewa inavyokuwa kavu, ndivyo maji ya utambi yanavyokauka haraka na kukipooza kipimajoto hicho. Kile kikavu kikiwa kwenye nyuzi 37.5, chenye utambi kikisoma 28 hadi 29 maana yake unyevu ni asilimia 50 hivi; kikisoma 32.5, ni karibu 70. Kamba ya kiatu ya pamba tupu inatosha kuwa utambi, mradi ibadilishwe inapokakamaa kwa chumvi.

Hata hivyo, hakuna kipimo cha hewa kinachojua yanayotokea ndani ya yai. Mayai ya kuku wa kienyeji hutofautiana unene wa ganda, na mawili yaliyolala jirani yanaweza kukauka kwa kasi tofauti. Kipimo cha mwisho ni mzani.

Mzani wa jikoni unaosoma gramu moja moja hupatikana katika maduka hayo hayo. Mayai yasipimwe moja moja. Ipimwe trei nzima. Tuseme trei ina mayai 30 ya kienyeji yenye wastani wa gramu 45 kila moja, jumla gramu 1,350 bila uzito wa trei. Asilimia 12 ya hapo ni gramu 162, na zikigawanywa kwa siku 18 ni gramu tisa kwa siku. Basi siku ya saba trei inatakiwa isome karibu 1,287, siku ya 14 isome 1,224, na siku ya 18 isome 1,188. Mfugaji aandike namba hizo kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Siku ya saba akikuta 1,310, yai halikauki: apunguze maji au ayaondoe kabisa, na afungue matundu ya hewa. Akikuta 1,260, linakauka mno: aongeze. Kosa lililogunduliwa siku ya saba lina siku 11 za kurekebishwa. Likigunduliwa siku ya 19, hakuna la kufanya.

Asiye na mzani atumie tochi. Yai likimulikwa gizani kwa ncha butu, mpaka wa nafasi ya hewa huonekana wazi na unaweza kuchorwa kwa penseli siku ya 7, ya 14 na ya 18. Mistari ikisogea chini kwa hatua zinazoonekana, mambo ni mazuri. Ikiwa wa siku ya 14 umekaa karibu juu ya ule wa siku ya saba, maji yamezidi.

Kurekebisha ni suala la upana wa maji, si kina. Wengi huongeza maji hadi ukingoni wakidhani mfereji uliojaa utatoa mvuke mwingi kuliko uliojaa nusu. Sivyo. Mvuke hutoka kwenye uso wa maji tu; kina huamua maji yatadumu siku ngapi, basi. Anayetaka unyevu zaidi aongeze chombo kipana au kipande cha sponji kilichonyonya maji. Anayetaka upungue afunike sehemu ya mfereji. Maji yawe ya uvuguvugu ili yasiushushe ghafla ujoto wa mashine, na yasiwe ya chumvi, kwani maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi inayoacha ukoko mweupe kwenye sponji na utambi.

Kosa la kuziba matundu

Kipo kishawishi cha kuziba matundu ya hewa kwa gundi ya karatasi ili unyevu usitoke. Kiinitete cha wiki ya kwanza kinahitaji hewa kidogo, lakini kifaranga wa siku ya 18 anapumua kwa nguvu, na mayai 48 ndani ya boksi moja humaliza hewa safi upesi. Matundu yakizibwa, atakayekufa kwa kukosa hewa hatofautiani sana kwa sura na aliyekufa kwa maji mengi, na mfugaji atazidi kupotea katika kutafuta sababu. Unyevu urekebishwe kwa maji. Matundu yabaki wazi.

Siku ya 18 desturi hubadilika. Mayai huacha kugeuzwa, hulazwa ubavu juu ya wavu, na unyevu hupandishwa hadi asilimia 65 au 70. Sababu si ile ya mwanzo. Yai limeshapoteza maji yake. Sasa inalindwa ile ngozi nyembamba isikauke kifaranga anapodonoa. Kuanzia hapo kifuniko kisifunguliwe hovyo. Kila kinapoinuliwa mvuke wote huondoka, na katika chumba chenye kiyoyozi utando wa yai lililokwisha kutobolewa unaweza kukauka na kumnasa kifaranga kabla ya unyevu kurudi. Watoto wa nyumbani, ambao kwa kawaida ndio wenye shauku kubwa kuliko wote siku hiyo, watazame kupitia plastiki.

Na hapa pana ajabu moja. Kifaranga wa kwanza akitoka, mwili wake uliolowa hutoa mvuke mwingi kiasi kwamba kipimo hupanda chenyewe hadi asilimia 80. Hilo si la kutisha. Waachwe ndani hadi wakauke na manyoya yatutumke. Kiini walichokivuta tumboni kabla ya kutoka huwatosha kwa zaidi ya siku nzima bila chakula wala maji.

Ushauri wa mayai ya nyoka

Anayetafuta maelekezo kwenye intaneti hukutana na mashauri yanayogongana, mengine yakisema unyevu uwe asilimia 80, 90, hata 100. Mengi ya hayo si ya kuku. Ni ya wafugaji wa nyoka, mijusi na kobe huko Ulaya na Marekani, ambao nao hutumia mashine na maneno yale yale.

Tofauti ni ganda. Mayai ya nyoka, ya mijusi wengi na ya kasa yana ganda laini kama ngozi, na katika siku za mwanzo huvuta maji kutoka katika udongo yanapolala, yakavimba na kuongezeka uzito. Kasa anayepanda ufukweni Mafia au Kigamboni usiku huchimba shimo la karibu nusu mita hadi afikie mchanga wenye ubichi, akafukia mayai yake humo, na huanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Mayai hayo yakiwekwa kwenye mashine ya kuku ya asilimia 50 yatasinyaa kama mipira iliyotoboka. Wafugaji wa reptilia huyalaza ndani ya boksi lililofungwa, juu ya chembechembe za madini zinazoshika maji, ambazo hulowanishwa kwa maji yenye uzito sawa na wake. Wala hayageuzwi. Yai la kuku lisipogeuzwa walau mara tatu kwa siku, kiinitete huganda kwenye utando. La reptilia likigeuzwa baada ya saa chache za mwanzo, kiinitete kilichokwisha kujishikiza juu huzamishwa chini na hufa. Ndiyo maana kiota cha kasa kilicho hatarini kufikiwa na maji hakihamishwi na kila mpita njia, bali na watu waliofunzwa, kama wale wa vijiji vinavyoshirikiana na shirika la Sea Sense, lililoanzishwa mwaka 2001. Huyahamisha mapema baada ya kutagwa, bila kuyapindua.

Mkazi wa mjini asivutiwe kujaribu. Wanyamapori na mayai yao wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, na kuwakamata au kuwafuga bila kibali ni kosa.

Ndege wengine wafugwao hufuata njia ya kuku kwa tofauti ya siku. Kware huanguliwa siku ya 17 au 18, kanga siku ya 26 hadi 28, bata mzinga siku ya 28, na bata wa kawaida wa mitaani, yule mwenye nyama nyekundu usoni, siku ya 35 hivi. Kwa wote, siku tatu za mwisho ndizo za kuongeza unyevu. Anayechanganya kware na kuku katika mashine moja hujitafutia matatizo, kwa kuwa mmoja atahitaji asilimia 70 wakati mwingine bado anatakiwa kukauka.

Makosa yasiyo ya unyevu

Yapo mayai ambayo hakuna unyevu utakaoyasaidia. Mayai ya trei ya dukani, yanayotoka katika mabanda ya kuku wa kisasa wa mayai, hayana jogoo; yatakaa mashineni wiki tatu na kutoka kama yalivyoingia, ila yananuka. Wanunuzi wapya wa mashine hulipata somo hili kwa hasara, na si wachache.

Mayai yenye mbegu nayo huharibika kwa kusubiri. Kiinitete huanza kukua polepole joto likizidi nyuzi 21 hadi 24, na stoo ya Dar es Salaam mwezi Februari ina nyuzi 30. Yai lililokaa hapo siku kumi likisubiri wenzake wajae trei limekuwa likikua na kufifia. Katika joto hilo lisizidi siku tatu au nne. Mahali pa ubaridi wa nyuzi 15 hadi 18 huweza kufika saba. Pia lisitolewe kwenye ubaridi na kupelekwa moja kwa moja kwenye hewa nzito ya nje. Yai lililosafiri ndani ya gari lenye kiyoyozi kutoka Kibaha, likifika Mchafukoge, hutoka jasho kama chupa ya soda, na jasho hilo hubeba bakteria kupitia vitundu vya ganda. Likiingizwa mashineni katika hali hiyo, penye joto na mvuke, huoza na linaweza kupasuka katikati ya wiki ya pili. Harufu yake ndani ya ghorofa haihitaji kuelezwa. Liachwe saa kadhaa likiwa limefunikwa, hadi lipate joto la chumba na likauke lenyewe, bila kuoshwa wala kufutwa kwa kitambaa kilicholowa.

Umeme ukikatika, mashine ifunikwe kwa blanketi, ila matundu ya hewa yabaki wazi. Mayai ya wiki ya tatu hutoa joto lao wenyewe na yanaweza kustahimili saa kadhaa. Ya siku tatu za mwanzo pia huvumilia baridi kiasi. Maji ya moto ndani ya chupa zilizofungwa vizuri husaidia kutunza joto bila kuongeza mvuke. Wanaomwaga maji ya moto kwenye mifereji wakati wa giza hutatua tatizo la joto kwa kuanzisha lile la unyevu.

Vifaranga hutafutwa kwa kuwa hawapatikani kirahisi. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa vifaranga kutoka nje mwaka 2006 kwa hofu ya mafua ya ndege, na mwaka 2017 vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga waliteketezwa kwa moto, tukio lililozua mjadala mkali pande zote mbili za mpaka. Mashine ndogo ya nyumbani imekuwa njia ya wengi kujitegemea, wakitotolesha mjini na kulea Chanika, Kinyerezi au Kigamboni.

Mayai yaliyokataa kuanguliwa yasitupwe kabla ya kufunguliwa, kazi ya dakika kumi ifanywayo nje kwa glavu. Kifaranga mkubwa, aliyelowa, kitovu hakijafunga, na ute umejaa pembeni: maji yalizidi. Kifaranga mdogo, utando umemkaukia mwilini: maji yalipungua. Mayai mengi yaliyokufa wiki ya kwanza, yakiwa na duara la damu tu: hapo kosa ni la joto au la uhifadhi, na unyevu hauhusiki. Idadi ya kila aina iandikwe kwenye karatasi ile ile yenye namba za mzani, pamoja na mwezi, kwa kuwa kundi la Aprili litalinganishwa na la Aprili ijayo, si la Julai.

Mashine nayo ioshwe kwa maji ya sabuni na dawa ya kuua wadudu, mifereji ikauke kabisa, na sponji itupwe. Ikihifadhiwa na unyevu wake, katika hewa ya jiji hili itaota ukungu kabla ya trei inayofuata kujaa.